Kadi ya sauti inahukumiwa bila kusikilizwa

*Kifaa kinapogoma kurekodi, wengi hukimbilia kununua kingine. Mara nyingi chanzo kiko katikati ya kompyuta na programu, mahali ambapo pesa ya kifaa kipya haifiki.*

Taa ya kadi ya sauti inawaka kijani. Kompyuta imetoa mlio wake wa kutambua kifaa kipya, na ukifungua YouTube wimbo unasikika safi kwenye hedifoni zilizochomekwa kwenye kadi hiyohiyo. Fungua sasa programu ya kurekodia, bonyeza kitufe chekundu, imba: mstari kwenye skrini unabaki umelala, hauinuki hata kidogo. Au programu inaleta ujumbe kwamba imeshindwa kufungua kifaa cha sauti, bila kusema kwa nini wala kifanyike nini. Msanii anasubiri, biti iko tayari, na prodyuza anachomoa waya na kuuchomeka tena, anazima kompyuta na kuiwasha, anafuta programu na kuiweka upya. Saa mbili zikipita bila mafanikio, hukumu inatolewa: kadi imekufa.

Hukumu hiyo hutolewa kila mara katika studio za chumbani, iwe Mbagala au Kayole, Mwanza au Mombasa, na ina gharama zake. Kadi nzima inauzwa kwa bei ya kutupa au inabaki kabatini ikila vumbi. Pesa iliyotengwa kwa ajili ya kodi ya nyumba au video inapelekwa Kariakoo au Luthuli Avenue kununua nyingine, na hiyo nyingine ikifika nyumbani inagoma vilevile, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa kadi. Anayeumia zaidi ni yule anayeanza, asiye na kompyuta ya pili ya kujaribia wala mtu wa kumpigia simu.

Ninachodai ni hiki. Kadi inayowaka taa, ikatambuliwa na kompyuta na kupiga wimbo, imeshatoa ushahidi wa kutosha kwamba sehemu kubwa yake ni nzima. Kosa litafutwe kwanza kwenye mapatano ya pande tatu: mfumo endeshi wa kompyuta, draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo huo kuwasiliana na kadi), na programu ya kurekodia. Mapatano hayo yamejengwa na maamuzi ya kibiashara yaliyofanyika Ujerumani na Marekani kwa zaidi ya miaka 25, na mtumiaji wa nyumbani amekuwa akibebeshwa lawama za mambo ambayo hakuyaamua.

Sauti inavyosafiri

Maiki hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme mdogo sana. Ndani ya kadi, kikuza sauti huupandisha umeme huo, na hiyo ndiyo kazi ya kile kitufe cha geini. Kisha kigeuzi huupima mara maelfu kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kiwango cha CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, ni vipimo 44,100 kwa sekunde. Kazi za video hutumia 48,000. Namba hizo hupita kwenye waya wa USB, hupokewa na mfumo endeshi, hukabidhiwa draiva, na draiva huzifikisha kwenye programu, iwe FL Studio, Cubase, Reaper au Audacity. Safari ya kurudi kwenye hedifoni ni hiyohiyo, kinyumenyume.

Kabla ya kwenda mbali, hesabu moja inafaa kufanywa kwa sababu inaokoa pesa. Njia mbili za sauti zenye biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde zinahitaji takriban megabiti 2.3 kwa sekunde. USB 2.0, iliyopo hata kwenye kompyuta za mtumba za miaka mingi iliyopita, iliundwa kubeba hadi megabiti 480. Kwa hiyo ushauri wa kununua waya wa bei mbaya au kompyuta yenye USB mpya zaidi, eti sauti ipite vizuri, hauna msingi. Waya unaweza kukatika ndani kwa ndani, hilo ni kweli, lakini haulemewi na sauti ya mtu mmoja anayeimba.

Milango miwili ndani ya Windows

Swali linalowachanganya wengi ni hili: kama kadi imekufa, YouTube inasikikaje? Jibu ni kwamba Windows ina mlango zaidi ya mmoja wa kupitishia sauti, na kila programu ina mlango wake. Ule wa kawaida, unaotumiwa na vivinjari na programu za kusikilizia muziki, huchanganya sauti zote za kompyuta pamoja na milio ya arifa kabla ya kuzitoa. Kwa kusikiliza unatosha kabisa. Kwa kurekodi, katika Windows za zamani, ulichelewesha sauti kiasi kwamba mwimbaji alijisikia nyuma ya biti. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, watengenezaji wa Cubase, ilitoa njia yake yenyewe iitwayo ASIO, inayoruka hatua hizo na kuiunganisha programu na kadi karibu moja kwa moja. Njia hiyo ya kampuni binafsi ndiyo ikawa kanuni ya studio zinazotumia Windows duniani kote. Microsoft ilileta njia yake iliyo bora zaidi, WASAPI, ndani ya Windows Vista mwaka 2007, lakini kufikia hapo watengenezaji wa kadi na wa programu walikuwa wameshaizoea ASIO kwa miaka 10.

> Aliyesikia YouTube amepima mlango mmoja tu.

Matokeo yake ni kwamba mlango wa kusikilizia unaweza kuwa wazi huku ule wa ASIO umefungwa. Pengine draiva ya mtengenezaji haikusakinishwa kabisa, na Windows imeweka ya kwake ya jumla. Pengine imesakinishwa toleo lisilolingana na mfumo. Pengine programu imeelekezwa kwenye kadi ya ndani ya kompyuta, ile ya kiwandani, ambayo haijui lolote kuhusu maiki iliyo mezani. Aliyesikia YouTube amepima mlango mmoja tu; aliyeona programu haipokei sauti amepima mwingine. Wote wawili hawajathibitisha bado kwamba kadi yenyewe ni mbovu.

Kuna pia suala la mwongozo wa USB. Shirika linalosimamia USB lilitoa mwongozo wa kwanza wa vifaa vya sauti mwaka 1998, na wa pili mwaka 2006. Huu wa pili ndio unaofuatwa na kadi nyingi za leo. Apple na Linux ziliupokea karibu mwaka 2010. Windows iliupokea mwaka 2017, katika toleo la Windows 10 lenye namba 1703, miaka 11 baada ya kutolewa. Katika muda huo wote kila mtengenezaji alilazimika kuandika draiva yake, kila mmoja kwa ustadi wake na kwa bajeti yake, na mnunuzi akalazimika kuitafuta. Hata draiva hiyo ya 2017 haikuja na ASIO. Mwaka 2024 Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba inashirikiana na Yamaha na Qualcomm kuandaa draiva yenye ASIO itakayokuja ndani ya Windows. Nalichukulia tangazo hilo kama kukiri kwamba pengo lilikuwa kwenye mfumo muda wote ambao watu walikuwa wakiambiwa hawajui kuunganisha vifaa.

Leseni iliyowaacha nje wasio na pesa

Wengi wanaoanza kurekodi, wakiwemo waandaaji wa podikasti na redio za jamii, huanza na Audacity kwa kuwa ni bure. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na hutolewa kwa leseni huria ya GPL, inayotaka msimbo wote unaosambazwa nayo uwe wazi. Masharti ya Steinberg juu ya ASIO hayakupatana na leseni hiyo. Kwa miaka mingi basi Audacity ya Windows ilisambazwa bila ASIO. Fikiria maana yake kwa mtu aliyenunua kadi, akasoma kijitabu, akasakinisha draiva ya ASIO kama alivyoelekezwa, kisha akafungua Audacity na kuitafuta ASIO bila kuiona popote. Hakuna alichokosea. Leseni mbili hazikupatana, na yeye anaamini ameuziwa kifaa kibovu. Njia yake ilikuwa ni kuchagua WASAPI badala ya MME, mlango wa tangu miaka ya mwanzo ya 1990 ambao Audacity huuchagua yenyewe ukiiacha ilivyo.

Mwaka 2025 Steinberg iliifungua ASIO kwa leseni ya GPL toleo la 3, na kikwazo cha kisheria kikaondoka. Ni hatua njema, iliyochelewa. Kompyuta nyingi za studio za nyumbani hazisasishwi mara kwa mara, kwa sababu ya bando na kwa sababu ya hofu kwamba sasisho litavunja kinachofanya kazi, hivyo matoleo ya zamani yataendelea kutumika kwa muda.

FL Studio nayo ina mtego wake. Huja na draiva iitwayo FL Studio ASIO, na wengi hupakua pia ASIO4ALL ya Michael Tippach. Zote mbili zina msaada mkubwa, lakini huazima njia za Windows zenyewe na kuzivalisha vazi la ASIO. Anayeona neno ASIO kwenye orodha hudhani ameshaunganishwa na kadi yake moja kwa moja, kumbe ndani yake bado kuna mahali pa kuchagua ni kifaa kipi kinachoingiza sauti, na mara nyingi kilichochaguliwa ni maiki ndogo iliyo juu ya skrini ya kompyuta. Anarekodi, anasikia sauti ya mbali yenye mwangwi wa chumba, na anailaumu maiki mpya.

Kutafuta kosa kwa mpangilio

Kama hoja yangu ni sahihi, utafutaji wa kosa lazima ufuate njia ya sauti, hatua kwa hatua, huku kikibadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha draiva, waya na programu kwa mkupuo anaweza kufanikiwa, lakini hatajua kilichomponya, na wiki ijayo atarudi palepale.

Waya uwe wa kwanza, kwa sababu kuupima ni rahisi. Waya wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya nyaya za kuchajia simu zina zile za umeme peke yake. Kadi yenye tundu la USB-C ikiunganishwa kwa waya wa namna hiyo itawasha taa vizuri, na kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa. Umeme ndio unaofuata. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5, na habu isiyo na adapta yake hugawa kiasi hicho kidogo kwa vifaa vyote vilivyochomekwa. Maiki za kondensa huhitaji volti 48, kiwango ambacho kilianza mwaka 1966 pale Neumann ilipoitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki zitakazotumia umeme wa volti 48 uliokuwapo studioni kwa ajili ya taa za dharura. Kadi ya leo inalazimika kuzipandisha volti 5 za kompyuta hadi 48 ndani ya kiboksi kidogo. Kwa hiyo kaza macho kwenye taa, kisha bonyeza kitufe cha 48V. Taa ikififia au kuzimika, au kompyuta ikatoa ule mlio wa kifaa kilichochomolewa, umeme hautoshi: ondoa habu, chomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Na kama kitufe hicho hakijabonyezwa kabisa, maiki ya kondensa itakaa kimya siku nzima bila kosa la mtu yeyote.

> Ujumbe mmoja wa kosa unaweza kuwa na sababu nne tofauti, na programu haisemi ni ipi.

Baada ya waya na umeme ni ruhusa. Tangu mwaka 2018 Windows 10 na macOS Mojave zimekuwa na lango la faragha linaloamua ni programu zipi zinazoruhusiwa kutumia maiki. Ni ulinzi mzuri. Lakini swali la ruhusa hutokea mara moja, mtu akiwa na haraka, na akibonyeza kukataa, programu hupewa ukimya au hunyimwa kifaa moja kwa moja. Kwenye Mac dalili yake ni ya ajabu zaidi: kurekodi kunaendelea, sekunde zinahesabika, na faili linalopatikana ni tupu. Hakikisha kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya maikrofoni, kwamba programu yako imeruhusiwa. Draiva za ASIO zinaweza kupita kando ya lango hilo, ndiyo maana mtu huona kadi ikifanya kazi kwenye programu moja na kukataa kwenye nyingine ndani ya kompyuta ileile.

Draiva ipatikane kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa jina kamili la kadi na toleo lake, maana kadi ya kizazi cha pili na ya kizazi cha tatu zinaweza kufanana sura na kutofautiana draiva. Iangaliwe inataka Windows ipi. Kompyuta nyingi za mtumba bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na watengenezaji wengi wa kadi nao wameiacha. Kwenye Mac, tangu toleo la High Sierra la mwaka 2017, draiva inayoingia kwenye kiini cha mfumo lazima mtumiaji aiidhinishe mwenyewe kwenye mipangilio ya usalama. Asiyeidhinisha atasoma kwamba usakinishaji umekamilika, na draiva haitafanya kazi.

Kinachofuata ni kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo kwa sekunde, na hapa inafaa kutulia. Kadi inapima kwa kasi moja tu kwa wakati mmoja. Kivinjari kikiwa wazi kinaweza kuwa kimeishikilia kwenye 48,000 huku mradi wako ukitaka 44,100, na draiva nyingi hazikubali mabwana wawili. Matokeo huwa moja kati ya mawili. Ama programu inakataa kufungua kifaa, ama inarekodi kwa kasi moja na kupiga kwa nyingine. Sauti iliyopimwa mara 48,000 ikipigwa kwa 44,100 hushuka karibu nusutoni moja na nusu, na wimbo wa dakika 3 unakuwa wa dakika 3 na sekunde 16. Msanii anajisikia mzito na mvivu, na watu wanaanza kubishana kuhusu ubora wa maiki. Funga kivinjari, linganisha namba kwenye Windows, kwenye paneli ya kadi na kwenye mradi, na ubishi unaisha.

Mwisho ni programu yenyewe. Katika FL Studio, F10 inafungua mipangilio, na huko ndiko kifaa kinakochaguliwa. Lakini hilo halitoshi, kwa sababu njia ya kwenye miksa nayo lazima ielekezwe ni tundu gani la kadi inalolisikiliza. Maiki ikiwa kwenye tundu la 2 na miksa ikasikiliza la 1, kila kitu kitaonekana sawa isipokuwa sauti. Programu nyingine zina kitufe cha kuiandaa njia kabla ya kurekodi, na kisipowashwa hakuna kinachoingia.

Kuna kipimo kimoja ambacho asiye na kompyuta ya pili anaweza kukifanya leo. Kadi zinazofuata mwongozo wa USB hufanya kazi pia kwenye simu nyingi za Android kupitia adapta ya OTG, kifaa cha bei ndogo kinachopatikana kwenye maduka ya simu. Chomeka kadi, fungua programu ya kurekodi ya simu inayoruhusu kuchagua maiki ya nje, ongea. Ikiitika, kadi ni nzima na ugomvi uko kwenye kompyuta. Isipoitika bado hujapata jibu, kwa kuwa huenda simu imeshindwa kuilisha umeme.

Wanaopinga

Wapo watakaosema dawa ni kununua Mac. Wana hoja: mfumo wa sauti wa Apple, Core Audio, umejengwa ndani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kadi nyingi huchomekwa humo na kufanya kazi bila draiva. Lakini Mac hazijaepuka. Zile za mwaka 2018 zenye chipu ya T2 zilikuwa zikikatakata sauti ya kadi za USB, hadi Apple iliporekebisha kwa macOS 10.14.4 Machi 2019, na mwaka huohuo macOS Catalina ikaziacha programu zote za biti 32, pamoja na vifaa ambavyo paneli zake hazikuandikwa upya. La muhimu zaidi ni kwamba hoja hiyo inanipa nguvu. Kama kadi iliyohukumiwa kwenye Windows inafufuka ikihamishiwa Mac, basi haikuwa imekufa.

Wengine husema shida ni vifaa vya bei rahisi. Hapa nakubali kwa sehemu. Baadhi ya kadi za bei ya chini hazina draiva ya ASIO ya kwao, na mtengenezaji anamwelekeza mnunuzi kwenye ASIO4ALL. Zile kadi ndogo zinazojulikana kwa jina la V8, zilizojaa vitufe vya milio na vicheko, zilitengenezwa kwa ajili ya matangazo mubashara ya simu, na anayetaka kurekodia albamu humo atafikia ukomo wake haraka. Huo hata hivyo ni ukomo wa ubora au wa draiva. Kifaa kisichotimiza haja yako na kifaa kilichokufa ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kunamfanya mtu anunue kwa hasira badala ya kununua kwa hesabu. Kadi ya bei mbaya ikisakinishiwa draiva isiyolingana itanyamaza sawa na ya bei nafuu.

Pingamizi zito zaidi ni la mafundi, kwamba watumiaji hawasomi maelekezo. Ni kweli wengi hawasomi. Lakini maelekezo yenyewe huja kwa lugha za watu wengine, kwa maandishi madogo, yakidhani msomaji anajua tayari tofauti ya WASAPI na ASIO. Hata anayesoma hukutana na ujumbe wa kosa usiomsaidia. Audacity ikisema kuna hitilafu ya kufungua kifaa cha kurekodia, chanzo kinaweza kuwa ruhusa ya faragha, kasi ya sampuli, draiva, au programu nyingine iliyoshikilia kadi. Ujumbe mmoja, sababu nne, na programu haisemi ni ipi. Siwezi kuuita huo uzembe wa mtumiaji.

Ushauri wa kufuta Windows yote na kuanza upya nao una wafuasi, na wakati mwingine hufanikiwa. Unafanikiwa kwa sababu unabadilisha kila kitu kwa pamoja, na bei yake ni miradi iliyopotea, leseni za programu zinazopaswa kuombwa upya, na siku nzima ya kazi. Mara nyingi Windows mpya huirudisha draiva ileile ya jumla, na kadi inarudi kwenye kimya chake.

Kugoma kwa kuchelewa

Kuna kesi ambayo sauti inaingia, lakini mwimbaji anajisikia nyuma ya biti, au sauti inakwaruza na kukatika. Hapa mtuhumiwa ni bafa, akiba ya vipimo ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata. Bafa ya vipimo 1,024 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 23 za kuingia na nyingine 23 za kutoka. Jumla yake ni sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa karibu mita 16. Hakuna anayeweza kuimba hivyo kwa mwendo. Bafa ya 128 ni chini ya milisekunde 3 kila upande, lakini kompyuta dhaifu itashindwa kuikimbiza na sauti itakatika. Rekodi kwa bafa ndogo huku programu-jalizi nzito zimezimwa, kisha ipandishe wakati wa kuchanganya. Kadi nyingi zina pia kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kinachoirudisha sauti ya maiki kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta, na kwa studio ya chumbani yenye kompyuta ya zamani kitufe hicho kina thamani kuliko kompyuta mpya.

> Bafa ya vipimo 1,024: sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa karibu mita 16.

Wauzaji wana nafasi yao katika hili. Duka linalouza kadi linaweza kuichomeka kwenye kompyuta mbele ya mnunuzi, kurekodi sentensi moja, na kumwandikia kwenye risiti jina la draiva na toleo la Windows lililotumika. Ni kazi ya dakika chache. Ingepunguza idadi ya kadi zinazorudishwa dukani, na ingempa mnunuzi mahali pa kuanzia siku kadi itakapogoma.

Inapokuwa mbovu kweli

Kadi hufa pia, na dalili zake zinatofautiana na hizi. Tundu la 1 likinyamaza na la 2 likaitika, kwa maiki ileile na waya uleule, kwenye kompyuta mbili tofauti, kikuza sauti cha upande mmoja kimeungua. Mvumo unaosikika muda wote, ukatoweka pale unapochomoa chaja ya kompyuta, unatokana na umeme wa ukutani na kutokuwepo kwa ethi. Usiilaumu kadi kwa hilo. Kadi isiyotambuliwa na kompyuta yoyote, kwa waya wowote, ndiyo ya kupelekwa kwa fundi, baada ya kuangalia kama bado iko ndani ya dhamana, kwa kuwa skrubu zikishafunguliwa muuzaji ana kisingizio cha kukataa.

Hata hapo, mwombe fundi aanze na tundu la USB lililo nyuma. Hiyo ndiyo sehemu inayosukumwa na kuvutwa kila siku, na lehemu yake hupasuka kabla ya kitu kingine chochote. Kama taa inacheza unapoutikisa waya taratibu, tatizo ni hilo. Fundi simu anayebadilisha matundu ya chaji kutwa nzima ana vifaa vyote vya kulibadilisha.